Kuiponya Nchi: Swali la Washambaa kwa Biashara ya Kimataifa

Biashara inayovuka mipaka ya mataifa hupimwa kwa kawaida kwa mkataba: pande mbili zikikubaliana kwa hiari na kila upande ukatimiza ahadi yake, haki huhesabiwa kuwa imetendeka. Kipimo hicho si cha kubezwa, lakini historia ya Mkumbara, kituo cha reli ya Tanga kilicho chini ya milima ya Usambara wilayani Korogwe, inaonyesha mambo yanayokipita kando. Mnamo mwaka 1910 hivi kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga njia ya waya yenye urefu wa takriban kilomita 9, iliyoteremsha mbao za mtarakwa kutoka msitu wa Shume hadi Mkumbara, ambako zilipakiwa kwenye mabehewa kuelekea bandarini Tanga. Mtarakwa ni mti wa milimani unaokua polepole, na mbao zake huchongeka kwa wepisi kiasi cha kutafutwa sana na watengenezaji wa penseli.

Muuzaji na mnunuzi wa mbao hizo wangeweza kutendeana kwa uaminifu kamili, na bado dhuluma ikawa imekwisha kutendeka kabla ya gogo la kwanza kuangushwa. Amri ya mwaka 1895 ilifanya ardhi yote iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe iwe mali ya dola ya Kijerumani, na iliyoamua kwamba haina mwenyewe ilikuwa dola hiyohiyo. Kuhusu vibarua, mwaka 1907 katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ulianzishwa utaratibu wa kadi uliomtaka kila Mwafrika kufanya kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo apelekwe kwenye kazi za serikali. Hiari ambayo mkataba huitegemea haikuwepo.

Mapokeo kadhaa ya fikra yaliutambua upungufu huu mapema. Aristotle alitenganisha kutafuta mahitaji ya nyumba, ambako kuna kikomo, na kutafuta fedha kwa ajili ya fedha, ambako hakuna. Uislamu, uliotangulia katika masoko ya pwani kuanzia Pangani hadi Tanga, haukuishia kuwakemea wanaopunja vipimo, bali fikihi yake iliweka pia kanuni ya kutodhuru, ambayo humlinda hata mtu asiyehusika na mauzo yenyewe. Washambaa, wenyeji wa milima hiyo ya Usambara, walikwenda hatua nyingine, kwa kuwa walimpima mwenye nguvu kwa hali ya nchi anayoitawala. Mtawala ama aliiponya nchi, jambo waliloliita kuzifya shi, maana yake mvua ikanyesha, chakula kikatosha na watu wakakaa kwa amani. Ama aliiharibu, yaani kubana shi, kukawa na njaa na watu kutawanyika. Kodi aliyopokea haikuwa kosa kwa yenyewe. Kosa lilikuwa kula nchi bila kuirudishia uhai.

Mapokeo haya hayapaswi kupambwa kana kwamba wenyeji hawakutenda dhambi. Baada ya mtawala wa Washambaa, Kimweri ye Nyumbai, kufariki mwaka 1862, mwanawe Semboja, aliyejiimarisha Mazinde kwenye njia ya misafara, jirani kabisa na Mkumbara, alipata bunduki na baruti kwa kuuza watu, na vita vya kugombea utawala vikalisha soko la ng'ambo. Hiyo nayo ilikuwa biashara ya kimataifa, na upande wake mmoja ulikuwa mikononi mwa wenyeji. Thamani ya wazo la kuiponya nchi ni kwamba liliwapa raia lugha ya kumhukumu hata mtawala wao wenyewe.

Hukumu hiyo inaufikia pia mkonge, uliotawala tambarare hizi baada ya Mjerumani Richard Hindorf kuuingiza nchini mwaka 1893. Wafanyakazi walioletwa kwa mikataba kutoka mikoa ya mbali waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba. Mtu aliyeacha mke, mashamba na makaburi ya wazee wake Kigoma au Songea aliingia daftarini kama tarakimu, akakata majani yenye miiba, akayafunga matita, na singa zilizotoka kwenye korona, mashine ya kusindika mkonge, zikauzwa kwa bei iliyopangwa mbali naye. Kant angesema kwamba mtu huyo alifanywa chombo tu cha makusudi ya wengine, na angesema kweli. Mshambaa angeongeza kuuliza juu ya kijiji alichotoka, ambacho kililea nguvu kazi hiyo tangu utotoni bila kulipwa na mtu yeyote.

Kinachobaki kuwa kigumu ni nani mwenye haki ya kutamka kwamba nchi imepona. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko, nao wakakataa, kwa sababu uponyaji unaoamriwa kwa faini waliuona kuwa maangamizi mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 imelijibu swali hilo nusu tu: ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapotakiwa kuhamishwa, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa; ikizidi hapo, na mashamba ya wawekezaji wakubwa aghalabu huzidi, uamuzi ni wa Waziri, na wanakijiji hubaki kutoa mapendekezo tu.