Je, Kujitilia Shaka ni Unyenyekevu?

Wahenga walisema, "Kutenda kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa." Methali hii ilinitesa kwa muda mrefu. Lugha yangu ya kwanza ni Kiganda, ambamo kubadilisha "l" na "r" hakubadilishi maana ya neno. Katika Kiswahili, kula si kura, na mahali si mahari. Kosa hilo nililirudia kila siku, nikaamini kwamba sifai.

Mwaka wangu wa kwanza chuoni sikunyoosha mkono hata mara moja. Kazi za kikundi niliziandika mimi, lakini aliyezisoma mbele ya darasa ni mwenzangu aliyekulia Tanzania. Watu walinisifu kwa upole, nami nikauita woga wangu unyenyekevu.

Kisha nikaenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Mvulana mmoja wa kidato cha pili alisimama kusoma insha yake. Alisoma kwamba kijana alikwenda ukweni kulipa "mahali." Wenzake waliokulia Busia, mpakani na Kenya, wakaangua kicheko. Alifunga daftari akaketi. Nilijua la kumwambia, lakini niliogopa kulitamka neno lile mbele yao, ulimi wangu usije ukanisaliti. Nikasema tu, "Anayefuata."

Usiku ule sikulala vizuri. Kama nilikuwa mnyenyekevu kweli, mbona nilimwacha mtoto aaibike ili nijilinde mimi?

Kesho yake niliandika maneno yale mawili ubaoni. Nikawaambia, "Hapa hata mimi huteleza. Nikikosea, nisahihisheni." Nilikosea mara mbili. Walicheka, nami nikacheka, tukarudia pamoja. Yule mvulana akanyoosha mkono: "Mwalimu, naomba nisome tena."

Sisemi kwamba shaka yote ni mbaya. Shaka juu ya kazi yangu hunipeleka kwenye kamusi na kunifanya nisome tena nilichoandika. Hiyo ni wajibu wa kila mwanafunzi. Shaka juu ya nafsi yangu ni jambo jingine: hainifundishi kitu, hunifunga mdomo tu. Tena ndani yake mna kiburi, kwa sababu anayekataa kusikika akikosea anataka aonekane mkamilifu.

Tangu mwaka 2005, Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Nani atakifundisha ikiwa sisi tunaojifunza tutanyamaza mpaka tuwe wakamilifu?

Siku hizi naielewa methali ile kwa namna nyingine. Ulimi wa mwanafunzi utalirudia kosa, na hapo hakuna hatia. Kosa ambalo sitaki kulirudia ni lile la kusema, "Anayefuata." Kwangu mimi, kujiamini si kuwa na hakika kwamba sitakosea. Ni kukubali kusahihishwa mbele za watu, kisha kuendelea kusema.