Mashine Haikushika Vizuri

Mimi ni mpenzi wa filamu, na nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani yanayofuata yameandikwa na mtu aliyekerwa na kamera. Nimekulia Nakivale, wilayani Isingiro, na shule yangu ya kwanza ya filamu ilikuwa banda la video: mabenchi ya mbao, pazia jeusi mlangoni, jenereta nje, na sauti ya DJ Afro wa Kenya ikitufasiria mapigano ya Wachina kwa Kiswahili. Jenereta ikizimika kabla ya mwisho, tulibaki gizani tukibishana itaishaje. Nadhani ndipo nilipoelewa kwamba filamu hutungwa, kwamba kuna mtu aliyeamua nini kije baada ya nini. Siku hizi nasoma Mbarara, na nikiwa na bando ya kutosha naitazama filamu mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kuhesabu mikato tu.

Miaka miwili iliyopita, wakati wa likizo, kikundi cha watu wa filamu kilikuja Nakivale kutengeneza dokumentari, nami nikaajiriwa kuwa mkalimani. Tulikwenda kwa mama mmoja jirani yetu, aliyempoteza mtoto njiani alipokimbia kutoka Kivu. Alisimulia. Alipofika kwa mtoto, alilia. Mwongozaji alingoja kwa heshima, kisha akaninong'oneza nimwombe arudie sehemu ile, kwani alitaka kuichukua tena kamera ikiwa karibu zaidi na uso. Ningeweza kumtafsiria hivyohivyo. Badala yake nilisema, "Mama, samahani, mashine haikushika vizuri. Wanaomba urudie." Akarudia. Akalia tena.

Kosa lilikuwa wapi?

Wapo wanaosema kosa ni kurudia kwenyewe, kwa kuwa dokumentari inadai kuonyesha ukweli. Sikubaliani nao. Robert Flaherty alipopiga Nanook of the North, iliyotoka mwaka 1922, nyumba ya barafu ya kawaida ilikuwa ndogo na yenye giza, hivyo ikajengwa kubwa zaidi, iliyo wazi upande mmoja ili mwanga uingie. Wengi humwita mwongo kwa hilo. Mimi naona fundi aliyehitaji mwanga, na watu waliokuwa ndani walijua vizuri kwamba ukuta haupo. Anayejua kwamba anaigiza hajadanganywa. (Mtazamaji ni kesi nyingine.)

Basi kosa ni uongo wangu. Hilo nalikubali, ila halinitoshi. Hata ningemwambia ukweli, mama yule angekuwa amekubali nini hasa? Hapa ndipo ufundi wenyewe unaponisumbua. Karibu miaka 100 iliyopita Mrusi Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha na jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, halafu huzuni, ingawa uso haukubadilika hata kidogo. Maana haikuwa usoni. Ilikuwa kwenye mshono. Kama mpenzi wa filamu, jambo hili hunifurahisha kupita kiasi. Kama mkalimani, linanitisha, kwa sababu anayetoa chozi hajui litashonwa na nini. Amekubali kulia. Mshono hajaukubali, maana hajaonyeshwa.

Nchini Uganda tumeliona hili kwa ukubwa wake. Kony 2012 ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye intaneti ndani ya siku chache. Mwezi huohuo wa Machi ilionyeshwa hadharani Lira, mbele ya watu ambao vita ile iliwapitia wenyewe. Walikasirika, mawe yakarushwa, onyesho likakatizwa. Dunia ilikuwa imeshaiona. Wao walikuwa wa mwisho.

Rafiki yangu hapa chuoni hunijibu kwamba bila chozi la karibu hakuna atakayetazama. Labda. Lakini kule Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana ametengeneza filamu na majirani zake kwa pesa kidogo mno, na aliyeuawa ndani ya filamu ndiye aliyezunguka mitaani kuuza diski zake. Zile ni sinema za risasi na vichekesho, najua. Hata hivyo hakuna mtu pale asiyejua uso wake umeshonwa na nini.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa yule mama kumwambia. Nilimkuta anachambua maharagwe.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Mashine gani hiyo inayoharibika pale tu ninapolia? Nilikuona unatoka jasho, nikasema nikusaidie."

Kumbe mara ya pili aliigiza, na kwa hoja yangu ya Flaherty hakudanganywa. Ningependa kuishia hapo, maana hoja hiyo inanisafisha. Lakini alirudia kwa kuwa hakuona namna ya kukataa bila kuniaibisha mbele ya walioniajiri, na mwigizaji halipwi kwa aibu ya mtoto wa jirani.

Kisha akauliza kama picha imetoka. Ilikuwa imetoka, kwa Kiingereza, nami sikuwahi kuwa na moyo wa kuifungua. Tuliitazama kwenye simu yangu, nikimtafsiria. Chozi lake lilikuja dakika ya nne, lile la karibu, lile la pili. Baada yake ukaja uso wa mtoto amelala.

"Huyu ni wa nani?" akaniuliza.