Kodi ya Miezi Sita Ni Deni

Mpangaji wa Dar es Salaam akihamia chumbani huja na kodi ya miezi sita, mwingine ya mwaka mzima, na juu yake ya mwezi mmoja ya dalali. Mwenye nyumba huzipokea hela hizo, akazihesabu, akaona zimekwisha kuwa zake. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, ila neno hilo tumezoea kumwimbia mpangaji peke yake. Siku ile ya kupokea, aliyelipa ni yeye. Mwenye deni ni wewe, baba mwenye nyumba. Anakudai miezi sita ya paa lisilovuja, choo kinachotumika na mlango usioingiwa bila hodi.

Kwa hiyo usizile zote mwezi wa kwanza. Najua ada za shule zipo, na msiba nao hautoi taarifa. Lakini choo cha uani katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, kila chumba na familia yake, hakisubiri kodi mpya ndipo kijae. Kikijaa mwezi wa nne nawe huna kitu, utaanza kuwachangisha wapangaji hela ya gari la majitaka, na hapo heshima imeshaondoka. Tenga fungu la matengenezo siku hiyohiyo, kabla wa nyumbani hawajajua umelipwa. Bati lililotoboka lizibe kiangazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na masika ya Dar hayana subira.

Ugomvi mkubwa lakini uko kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mita moja, vyumba sita. Mama wa chumba cha mbele ana friji la kuuzia barafu, kijana wa chumba cha nyuma ana taa na chaja ya simu, na wote wanachangishwa sawa. Umeme ukikatika saa nne usiku, korido nzima inageuka baraza la kesi. Funga mita ndogo kila chumba. Kama huna uwezo, kaa nao, muandike nani ana kifaa gani na atatoa kiasi gani.

Kuna na jambo wenye nyumba tunalinyamazia. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Mwenye jengo ni wewe, anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa kiwango hicho, mwaka ni shilingi 18,000 kwa mita, hela ndogo, na kwa udogo wake inatia aibu kuidhulumu. Wapunguzie wapangaji kwenye kodi ya chumba bila kungoja kuambiwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikishianeni mkataba hata kama mpangaji ni mtoto wa dada yako, huyo hasa. Uonyeshe kodi, tarehe ya kwisha, muda wa notisi na nani anatengeneza nini. Siku ya kuingia zungukeni chumba pamoja, muandike kitasa kibovu na kioo chenye ufa, kila mmoja abaki na nakala yake.

Akikwama kulipa, mtazame ni mtu gani. Aliyekulipa vizuri miaka mitatu kisha akaugua, mpe muda, kwa maandishi. Anayekupiga chenga mpe notisi, mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajue, na ikishindikana nenda kwenye vyombo vya sheria. Wapo wanaong'oa mlango au kuezua mabati mpangaji akiwa kazini. Mimi hilo sijaliona faida yake: bati ni lako, ukuta utakaolowa ni wako, na vyombo vya mpangaji vikipotea siku hiyo, atakayeulizwa polisi ni wewe.