Amana ya Mwenye Kueleza Zana

Fundi akimpa mwanagenzi wake patasi hana haja ya maneno mengi. Mwanagenzi huiona, huupima uzito wake, hugusa makali yake, na jambo likimshinda humtazama fundi usoni akauliza. Mtumishi aliyezuka katika miaka hii hana mkono wala jicho. Ni wakala wa akili unde, programu iliyofunzwa kwa maandishi, ambayo hupewa shabaha kisha ikajitafutia njia. Wakala huyu hutumia zana, yaani huziomba programu nyingine kazi kwa kupitia milango iitwayo API: kutafuta kumbukumbu, kupeleka barua, kulipa, kuweka miadi. Mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitangaza mapatano ya wazi yaitwayo Model Context Protocol, ili zana moja iweze kuelezwa kwa namna moja mbele ya mawakala wengi. Katika mapatano hayo zana hujulikana hasa kwa jina lake, kwa maelezo yake, na kwa nafasi za kujazwa. Yaliyo nyuma ya mlango wakala hayaoni.

Basi mwenye kuandika maelezo hayo anadaiwa nini, na nani amdaiye? Yamkini wako watakaosema kuwa hadaiwi zaidi ya kutosema uongo. Kipimo hicho ni kifupi mno.

Tulitazame neno moja la lugha yetu, kufuta. Twafuta machozi, twafuta ubao, twafuta deni, twafuta kesi, twafuta mkutano. Mkutano uliofutwa huweza kuitishwa tena. Maandishi ya ubaoni hayarudi. Sasa tuseme katika kompyuta ya hospitali imo zana iitwayo "futa mgonjwa", na maelezo yake ni haya tu: "Hufuta mgonjwa." Je, humwondoa katika foleni ya leo, au huteketeza habari zote za maradhi yake na dawa zake? Mwandishi alijua, kwa sababu ndiye aliyeijenga, na kwa hiyo maneno mawili yalimtosha. Mama mmoja akimwambia wakala kwamba leo hatafika, wakala ataona zana yenye jina linaloelekea, naye ataiita. Wiki ya pili mama huyo atasimama mbele ya daktari asiyejua kwamba dawa fulani humdhuru. Hapana neno la uongo lililoandikwa popote.

Saa nazo zina mtego wake. Mtu wa Mombasa au wa Dodoma akiomba miadi ya saa tatu asubuhi, na nafasi ya kujazwa imeandikwa "saa" pasipo zaidi, wakala akitia 3 miadi itaangukia saa tisa za usiku, maana mlango ule huhesabu tangu usiku wa manane. Mstari mmoja ungalitosha: andika kwa saa 24, mathalani 09:00, ambayo kwa Waswahili ni saa tatu asubuhi.

Nitajibiwa kuwa mawakala wanazidi kuerevuka, na kesho watang'amua wenyewe. Werevu wao sina ugomvi nao. Lakini kama "futa" huteketeza au huahirisha, hilo ni jambo la hakika lililomo katika programu ile, wala halipatikani kwa kufikiri. Wakala huweza kuuliza, walakini aghalabu ametumwa ili mwenyewe asisumbuliwe, na asiyejua kwamba pana shaka hana la kuuliza.

Wala dawa si wingi wa maneno. Maelezo ya zana zote huwekwa mbele ya wakala pamoja na kazi yenyewe, na yakirefuka bila kiasi humzonga. Sifa kama "zana bora ya kisasa" na ziondolewe kwanza. Zibaki kazi ya zana, wakati isipofaa kutumiwa, na lile lisiloweza kutenguliwa likisha tendwa.

Tena maelezo haya yana nguvu ya amri. Mwaka 2025 watafiti wa usalama walionyesha kwamba mtu mwovu aweza kuficha ndani yake agizo la kuiba siri, wakala akalitii, na mwenye kompyuta asione ila jina la zana. Hapo hujulikana mdai ni nani. Kama wakala mwenyewe ana haki yo yote, hilo ni shauri la siku nyingine. Mdai ni yule mama, ambaye hatayasoma maelezo hayo maisha yake yote, na mambo yake yamewekwa juu yake.

Kwa hiyo si vema mjenzi ajisomee mwenyewe alichoandika, maana macho yake hujaza yaliyopungua. Na apewe mtu asiyeijua programu, aulizwe zana hii itafanya nini, kisha aulizwe mgonjwa akiahirisha ataita ipi. Katika hospitali mtu huyo yupo tayari: ni karani wa mapokezi, ajuaye kwa miaka mingi tofauti ya mgonjwa asiyefika leo na mgonjwa asiyerudi tena.