Tusiyakanyage Malisho Yaliyosalia

Somo: Ezekieli 34:18



Nabii Ezekieli awakemea kondoo walionona: wamekula malisho mema, kisha yaliyosalia wayaharibu kwa miguu yao, hata walio dhaifu hawana cha kula ila kilichokanyagwa. Twadhani neno hili ni la wakubwa wa dunia. Lakini sisi wafugaji wa Kilimanjaro na Usambara, wenye ng'ombe bandani na kishamba cha majani, latuhusu pia.

Kila tukatapo majani ya tembo, twaondoa naitrojeni katika udongo. Tusipoirudisha, majani hugeuka manjano na maziwa hupungua. Mwenye fedha hununua mbolea dukani. Lakini mwaka 2022 bei yake ilipanda sana duniani, na maskini aliiangalia kwa mbali.

Basi, Mungu ameweka hazina mahali pasipo kufuli. Katika sehemu 100 za hewa, 78 hivi ni naitrojeni. Majani ya tembo hayawezi kuitwaa peke yake, bali mimea ya jamii ya kunde yaweza, kama desmodiamu, lusina na fiwi. Mwaka 1888 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walieleza kwamba kazi hii hufanyika katika vinundu vya mizizi, kwa msaada wa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ng'oa mche mmoja ukapasue kinundu: kikiwa chekundu ndani, kazi yaendelea.

Kwa hiyo wengine hupanda desmodiamu kati ya mistari ya majani ya tembo. Lakini angalieni sana: mmea huu humpa jirani yake kidogo tu angali mzima. Majani yake yaangukapo na mizizi yake iozapo, ndipo jirani ashiba. Bwana wetu naye alisema habari ya mbegu ifayo ardhini ili izae.

Tena, tukikata yote tukamlisha ng'ombe, kisha samadi tukaiuza, shamba litakuwa maskini vile vile. Kipawa hakiondoi wajibu. Samadi haina budi kurudi shambani, maana ndani yake mna fosforasi, ambayo mikunde haiwezi kuipata hewani.

Liko na jambo la tatu. Mikunde ikimwagiwa mbolea nyingi ya naitrojeni, vinundu vyake hupungua, kwa kuwa imepata pasipo kutafuta. Je, si ndivyo ulivyo moyo wa mtu? Ashibapo, huacha kuomba.

Ndugu, uliye na desmodiamu, usimnyime mjane jirani yako vipando. Ukivikata, shina lako litachipua tena, naye atapata malisho. Nanyi walimu na wazee, liangalieni shamba la usharika. Watakaokuja baada yetu watakuta nini pale: majani mabichi, au nyayo zetu tu?

Bwana atupe moyo wa kula na kusaza. Amina.