Kikombe cha Mgonjwa



Jirani yangu mmoja, muuza viungo hapa Kariakoo, alinijia baada ya sala ya Laasiri. Mkewe anatibiwa saratani kwa mashine ya mionzi kule Ocean Road, na tangu aanze, kikombe chake huwekwa mbali na vya wenziwe na wajukuu hukatazwa kumkaribia. Akaniuliza: "Maalim, si moto ule ule wa bomu la atomiki? Sina haki ya kuilinda nyumba yangu?"

Swali si la kijinga. Nikamwomba siku mbili.

Habari ya chembe wanazuoni wetu waliijadili zamani. Wafuasi wa Imamu Al-Ash'ari walishika kwamba viwiliwili vyote vimeundwa kwa chembe zisizogawanyika. Lakini An-Nadhdham wa Basra, aliyewatangulia, alikwisha kanusha, akasema kila sehemu yagawika tena. Wala mimi siwafuati wasemao kwamba "dharra" iliyotajwa katika Surat Zilzala ndiyo atomu ya maabara. Wafasiri waliijua kuwa ni chungu mdogo, au vumbi lionekanalo katika mwanga wa dirisha. Tukiifunga Kurani kwa nadharia ya leo, kesho nadharia ikivunjika tutasema nini?

Na ilivunjika. Wataalamu wa Ulaya nao waliamini kuwa atomu haigeuki kabisa. Mwaka 1896, mjini Paris, Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa kwa karatasi nyeusi, akalitia katika mtoto wa meza kwa kuwa jua lilikuwa halitoki. Alipolisafisha akakuta alama: urani hutoa mionzi yenyewe. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakagundua radiamu, na mwaka 1902 Rutherford na Soddy wakaeleza kwamba atomu hizo huvunjika na kuwa kitu kingine. Bibi Marie alivishika vitu hivyo miaka mingi bila kinga. Alikufa mwaka 1934 kwa maradhi ya damu. Basi hofu ya jirani yangu ina asili.

Tena tazama jirani zetu wa Kongo. Shimo la Shinkolobwe, Katanga, lilitoa radiamu iliyotibu saratani. Shimo hilo hilo likatoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Jiwe halikunuia lolote. Walionuia ni watu.

Nilimwendea daktari. Akanifahamisha kwamba wako wagonjwa wanaonyweshwa dawa yenye mionzi, kama iodini ya tezi la shingo, na hao huambiwa wajitenge siku chache. Lakini anayepigwa mionzi kutoka nje habaki nayo mwilini, kama vile aliyemulikwa na tochi asivyokuwa tochi.

Nikamwambia jirani yangu: kuilinda nyumba ni haki yako, lakini wewe hupimi bizari kwa jicho, hata ya shilingi mia. Mbona mkeo umempima kwa dhana, na hospitali hukwenda kuuliza?

Akanyamaza. Nikamuuliza mwenyewe amesema nini juu ya kikombe.

"Hajasema neno," akajibu. "Hukiosha mwenyewe, akakirudisha pale pale."

Nikamwambia aende akamtake radhi kabla ya Magharibi.