Una Mtu?

Ukisema Nairobi kwamba umepata tenda ya serikali, hakuna anayekuuliza kuhusu bei au ubora wa kazi. Unaulizwa, "Una mtu?" Mimi nilikuwa na mtu. Nilikuwa na shemeji.

Nina biashara ndogo ya kuchapisha fulana na mabango karibu na River Road. Mume wa dada yangu alipopandishwa cheo katika ofisi moja ya umma, nami nikaomba kazi hapo. Sikuhonga. Nilijaza fomu zote, nikatia bei kwenye bahasha. Siku moja kabla ya maombi kufungwa, simu ikalia: "Shem, hiyo bei yako iko juu kidogo." Alijua, maana alikuwa ameshaona za wengine. Nikabadilisha bahasha. Nikashinda.

Mwaka huo mapato yangu yaliongezeka maradufu, na nilipoulizwa siri nilisema bidii. Si uongo kabisa, tulikesha kwa mashine mpaka macho yakavimba. Lakini bidii ni ngapi hapo, na shemeji ni ngapi?

Kuna mchumi, Raymond Fisman, aliyejaribu kupima kitu kama hicho. Alitazama soko la hisa la Jakarta enzi za Suharto, aliyetawala Indonesia kwa zaidi ya miaka 30 mpaka 1998, huku watoto na marafiki zake wakimiliki kampuni kila pahali. Fisman alichagua siku ambazo uvumi ulienea kuwa rais anaumwa, kama Julai 1996 alipokwenda Ujerumani kupimwa. Hisa za kampuni zilizokuwa karibu naye zilianguka kuliko za wengine. Hakuna mashine iliyoharibika siku hizo, wala mfanyakazi aliyegoma. Mzee mmoja tu alikuwa amekwenda kwa daktari.

Niliposoma hayo nikawaza: shemeji akihamishwa kesho, mimi nina thamani gani?

Najua utaniambia hii si Goldenberg. Kweli. Miaka ya 90 serikali yetu ililipa kampuni fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyo na almasi ya kuuza. Hiyo hukumu yake ni rahisi, maana bidhaa hazikuwepo. Mabango yangu yalikuwepo, na yalining'inizwa. Tena nilishusha bei, kwa hivyo mlipa ushuru aliokoa pesa. Huo ndio utetezi wangu, na kwa miezi kadhaa ulinitosha.

Shida ni dada wa mlango wa tatu. Naye aliomba kazi ile ile. Sheria inatenga asilimia 30 ya tenda kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na sote wawili tuliomba humo humo. Bei yake ndiyo iliyokuwa ya chini kabla ya ile simu. Kwa vile hakujua kuhusu simu, aliamua kwamba yeye ndiye ghali. Ombi lililofuata alishusha bei mpaka akafanya kazi kwa hasara. Sasa ameuza mashine moja.

Pesa ningeweza kumrudishia, pengine. Lakini kwa sababu yangu aliisoma biashara yake vibaya, na hilo sijui linalipwa vipi. Nami pia niliisoma yangu vibaya: nikaajiri wawili zaidi, nikachukua mkopo, kana kwamba soko ndilo lililonichagua. Wale wawili wana watoto shuleni. Nikiacha kupokea simu ya shem, ni wao watakaorudi nyumbani kwanza, si mimi.

Wiki iliyopita huyo dada alikuja na chai ya kikombe cha karatasi, akakaa juu ya katoni za fulana. Akaniuliza, "Bro, hebu niambie ukweli. Wewe huwa unapiga hesabu ya bei aje?"

Nilimwonyesha karatasi yangu ya hesabu. Gharama ya wino, umeme, kitambaa, kila kitu. Alipiga picha kwa simu yake, akanishukuru.

Ofisi ile inafunga maombi mengine Ijumaa. Shem bado hajapiga.